Shule imepewa kipima mvua. Siku isiyonyesha tuandike nini?

Mwl_Kongwa

Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha jiografia kwenye sekondari moja ya kata wilayani Kongwa, mkoa wa Dodoma. Mwezi wa kumi walikuja wageni wawili wa ofisi ya hali ya hewa, wameongozana na bwana shamba wa kata, wakaomba shule iwe kituo cha mvua cha kujitolea. Malipo hakuna. Wakachimbia kipima mvua uwanjani, mbali na mwembe, wakatuachia bilauri ya kupimia yenye mistari, daftari, na namba ya kutumia ujumbe. Maagizo mepesi: kila siku saa tatu kamili asubuhi, pima, andika, tuma.

Tangu siku ile mpaka leo haijanyesha. Siku thelathini na moja. Nina wanafunzi wanne wa zamu. Wanatoka darasani, wanafungua, wanakuta pakavu, wanaandika 0.0, wanarudi. Wiki ya kwanza waligombania zamu. Sasa nawafuata mimi. Mkuu wa shule, ambaye kwa kweli ananisaidia sana, amenishauri tuandike siku za mvua tu tusipoteze vipindi. Jumamosi na Jumapili shuleni hakuna mtu. Na Desemba tunafunga, ilhali huku kwetu ndipo mvua yenyewe inapoanza.

Kuna mengine mawili. Mzee mmoja anayekaa jirani na uzio wa shule anasema kile chombo ndicho kinachozuia mvua, na watu wanamsikiliza maana ni mtu mzima wa kuheshimika. Halafu kwenye kikao cha wazazi akasimama baba mmoja akasema: msimu fulani utabiri ulisema mvua itakuwa chini ya wastani, maji ya korongo yakaja kumbebea mbuzi sita. Akaniuliza hicho kibati kitamrudishia nini. Sikuwa na jibu, nikakaa.

Naombeni msaada kwa anayejua. Sifuri hizi zina kazi gani? Wikiendi tufanyeje? Na yule baba nimwambie nini?

Kijana_wa_Nkuhungu

Mwalimu usijitese bure. Sifuri ukijumlisha na sifuri unapata sifuri. Andika siku za mvua, mwisho wa mwezi jumla itakuwa ileile.

Mwangazi_Mstaafu

Mwalimu, mbukwa. Nimefanya kazi ya uangazi wa hali ya hewa, yaani kusoma na kuandika vipimo, miaka thelathini na mitatu. Niliingia mwaka 1981, nikasomea chuo cha Kigoma, nikazunguka vituo vingi vya bara, sasa nimestaafu na nalima alizeti na mtama hapahapa Dodoma. Swali lako nimelisoma mara mbili.

Kijana hapo juu hesabu yake ya mwezi ni sahihi. Ila jumla ya mwezi ni sehemu ndogo ya kile kinachotafutwa kwenye daftari lako.

Chukua ukurasa wa Januari wenye tarehe tano zenye mvua na nyingine zote tupu. Mtu aliyekaa mezani, hajawahi kufika Kongwa, anaufungua baada ya miaka ishirini. Zile tupu atazisomaje? Huenda kulikuwa kukavu. Huenda ilinyesha milimita arobaini na mwanafunzi wa zamu alikuwa na homa. Hawezi kujua, na kwa kuwa hawezi kujua atauweka kando ukurasa mzima, hata zile tarehe tano ulizopima vizuri. Sifuri maana yake ni kwamba mtu alikwenda, akafungua, akaona. Tupu maana yake hakuna aliyekwenda. Usiruhusu viwili hivyo vifanane hata siku moja.

Sasa kazi yake. Wewe unakaa Kongwa, unajua tabu ya mvua ya kwanza. Inapiga siku mbili, watu wanakimbilia mashambani, mbegu zinachipua, kisha jua linawaka wiki mbili na kila kitu kinakauka. Wengine wanapanda mara ya pili, na wa tatu wapo. Wataalamu wanapotafuta siku msimu ulipoanza hawatazami mvua peke yake. Kipimo kinachotumika sana ni cha namna hii: zishuke milimita ishirini au zaidi ndani ya siku chache, na mwezi unaofuata usiwe na ukavu unaopita siku kumi mfululizo. Umeona? Mwanzo wa msimu unathibitishwa na sifuri zinazofuata. Sifuri tatu, mvua, sifuri nne, mvua: msimu umeanza. Sifuri kumi na nne: ile ilikuwa mvua ya kudanganya. Daftari lisilo na sifuri haliwezi kumwambia mkulima wa Kongwa ni lini, kwa miaka mingi, watu waliopanda hawakujuta.

Ni hivyo hivyo mahindi yanapotoa mbelewele. Hapo hatuulizi mwezi umenyesha kiasi gani, tunauliza zimepita siku ngapi bila tone. Mvua ya milimita mia ikija baada ya siku kumi na nane za jua inakuta mabua.

Nitakueleza na jambo langu, kwa sababu wanafunzi wako watajaribiwa kama nilivyojaribiwa. Mwaka 1984, mwezi wa saba, nilikuwa kijana kwenye kituo kimoja cha bara ambacho sitakitaja. Tulisoma vipimajoto kila saa, usiku na mchana. Saa tisa usiku ni saa kubwa, kwa Greenwich ni saa sita usiku, na vituo vya dunia nzima vinasoma kwa pamoja. Vipimo vilipangwa kwenye mafungu ya tarakimu tano tano na kutumwa kwa redio. Vyetu vilipita Dar es Salaam, vikaenda Nairobi, na kutoka hapo vikasambaa kote. Usiku ule nililala. Nilishtuka alfajiri, nikajaza mistari mitatu kwa kukisia: 14.6, 14.3, 14.1. Nilijua usiku wa Julai joto hushuka polepole kuelekea alfajiri, nikaliteremsha polepole. Nikatuma kwa kuchelewa.

Jumatatu mkuu wa zamu alibadilisha karatasi ya mtambo wa kuchora joto, ule wenye kalamu na pipa linalozunguka. Akaiweka mezani pembeni ya daftari langu, akaondoka bila neno. Kumbe usiku ule liliingia wingu zito, na wingu usiku ni kama blanketi. Joto lilipanda. Mimi nimeandika linashuka. Na namba zangu zilikwisha kwenda Nairobi, hakuna wa kuzirudisha. Zimo huko mpaka leo. Nimeishi na jambo hilo miaka arobaini, na kila kijana niliyemfundisha baadaye nilimweleza: ukikosa kusoma, andika hukusoma. Pengo linasameheka.

Kwa hiyo wanafunzi wako wasione haya kuandika "hatukupima". Nakuomba sana walijue hilo tangu sasa.

Mwl_Kongwa

Shikamoo mzee. Leo asubuhi nimewasomea darasani hadithi yako ya mwaka 1984. Walinyamaza kimya. Binti mmoja wa kidato cha pili alinyoosha mkono akaniambia kuna Jumapili mbili aliandika 0.0 akiwa nyumbani, kwa kuwa aliona mbingu ni kweupe. Nimemshukuru mbele ya wenzake na tumerekebisha. Tuandikeje hizo wikiendi?

MamaMkondoa

Mwalimu, mimi ni mfanyabiashara wa Kilosa mjini, sina elimu ya hali ya hewa, lakini nina la kusema kuhusu hicho chombo chenu. Mvua yenu ndiyo mafuriko yetu.

Maji yanayoshuka huko Kongwa na Mpwapwa yanaingia mto Kinyasungwe, yanapita Gulwe, yanapita Kidete, na yakifika kwetu mto unaitwa Mkondoa. Mwisho wa mwaka 2009 kuingia 2010 huku kwetu palizama. Nyumba zilikwenda, reli ya kati ikang'olewa kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Mimi nilihamia kambini na watoto watatu na godoro moja. Kilichoniuma mpaka leo ni kwamba siku maji yanakuja, juu yetu palikuwa na jua. Watu walikuwa wanaanika mpunga.

Mwanafunzi wenu akituma "jana milimita sabini", huku chini kuna mtu anapata muda wa kuhamisha mama yake mgonjwa. Na akituma sifuri, tunalala. Mwambie mkuu wako wa shule hivyo.

Mzee mstaafu nami nina swali. Ule utabiri wa siku tano wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, kwenye tahadhari wanaandika "uwezekano wa kutokea: wastani, kiwango cha athari: wastani". Majirani zangu wanasema basi mvua ya wastani, mvua ya kawaida, hakuna shida. Ndivyo?

Mwangazi_Mstaafu

Marahaba mwalimu. Na huyo binti mpe daftari alisimamie yeye.

Wikiendi: kama hakuna mtu, Jumamosi na Jumapili ziandikwe "haikupimwa". Jumatatu mpime maji yote yaliyomo, muandike kiasi hicho na pembeni muweke wazi kwamba ni jumla ya tangu Ijumaa. Msigawe kwa tatu. Mkipata 27 na mkaandika tisa, tisa, tisa, mmetengeneza siku tatu za mvua nzuri ya kupalilia, kumbe pengine ilipiga Jumamosi usiku peke yake na kuchimba makorongo. Lakini bora kuliko yote ni kumpata mtu anayeishi jirani. Vituo vya kujitolea vya zamani, vya misheni, mashamba ya mkonge na shule, vilidumu kwa sababu kila kimoja kilikuwa na mtu mmoja anayeishi hatua chache kutoka kwenye chombo.

Mengine madogo. Msome bilauri macho yakiwa usawa wa maji, pale chini ya upinde. Kila asubuhi muangalie faneli, jani moja la mwembe linaziba na nyigu wanapenda kujenga humo. Mti ukiwa na urefu wa mita sita, chombo kiwe mita kumi na mbili au zaidi kutoka kwenye mti. Mwembe unakua, mwalimu, mtapima tena umbali huo baada ya miaka mitano. Na muweke uzio wa miiba, mbuzi wanakuja kunywa.

Mama wa Mkondoa, pole kwa yaliyowapata. Majirani zako wamekosea na si kosa lao, neno hilo moja linabeba mizigo miwili. Kwenye utabiri wa siku tano, "wastani" inapima nafasi ya jambo kutokea na ukubwa wa madhara. Uwezekano wa wastani wa mvua kubwa bado ni mvua kubwa. Kwenye utabiri wa msimu, "wastani" inalinganisha msimu mzima na miaka mingi ya nyuma ya mahali hapo. Kati ya asilimia 75 na 125 ya kile kilichozoeleka panaitwa wastani; chini ya 75 ni chini ya wastani, juu ya 125 ni juu ya wastani.

Hapo ndipo lilipo jibu la yule baba wa mbuzi. Mfano tu: tuseme kijiji kimezoea milimita 560 kwa msimu. Wakipata 400 wako chini ya 420, kwa hiyo chini ya wastani, na utabiri umetimia. Lakini ndani ya hizo 400, themanini zinaweza kushuka alasiri moja. Milimita moja ni lita moja kwenye kila mita ya mraba. Themanini kwenye ekari moja ni lita zaidi ya laki tatu na ishirini elfu, yaani magari thelathini na mawili ya maji ya lita elfu kumi kumi, yamemwagwa kwa saa mbili kwenye ardhi iliyokauka. Utabiri ulikuwa sahihi na mbuzi wamekwenda kweli. Usimwambie alielewa vibaya. Mwambie alikuwa anahitaji taarifa mbili, ya msimu ya kuchagulia mbegu, na ya siku tano ya kuhamishia mifugo, na alifikishiwa moja. Hiyo ya pili inategemea watu kama ninyi. Setilaiti inaona wingu kwa juu na ubaridi wake, kiasi kilichofika ardhini inakikadiria, na makadirio hayo yanasahihishwa kwa vyombo vilivyochimbiwa chini kama chenu.

Na la Kongwa. Waulize wanafunzi kama wanajua kwa nini wilaya yao imo kwenye vitabu vya historia duniani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga, makao yakiwa hapo Kongwa. Mpango ulikuwa ekari zaidi ya milioni tatu. Ujumbe wa kwanza, ulioongozwa na Wakefield mwaka 1946, ulikagua nchi kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege. Kumbukumbu za mvua za mahali penyewe zilikuwa chache mno. Matrekta yakaletwa, reli ikajengwa, mvua ikakosa, udongo wa mfinyanzi ukakauka mpaka majembe hayaingii na karanga hazing'oki. Mwaka 1951 wakafunga, pauni milioni 36 zimekwisha. Makosa yalikuwa mengi. Lakini mimi kila nikipita Kongwa nafikiria daftari moja la miaka thelathini, lililojaa sifuri za kweli, lingewaambia nini wale mabwana kabla hawajashusha trekta la kwanza.

Yule mzee wa jirani usibishane naye. Mwalike aje aone chombo kinavyofunguliwa. Muulize yeye hutazama nini: mbuyu kutoa majani, upepo unakotokea, dudumizi anapolia. Wataalamu wetu hawadharau hayo. Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa nyanda za juu kusini magharibi, Rungwe na Kilolo, kuhusu dalili za asili za kutabiri mvua, na aliyeuongoza, Ladislaus Chang'a, ni mtu wa TMA, mwaka 2023 akachaguliwa makamu mwenyekiti wa jopo la dunia la mabadiliko ya tabianchi. Mwanafunzi mmoja aandike anachosema mzee, pamoja na tarehe, kwenye daftari la pili.

Emuhaya_Kwetu

Habari zenu, nawasomea kutoka Vihiga, Kenya. Kuhusu huyo mzee, naunga mkono. Sisi hapa tuna wazee wa Nganyi, ukoo unaojulikana kwa mambo ya mvua tangu zamani. Zamani watu wa idara ya hali ya hewa walikuwa upande wao na wazee upande wao. Baadaye walikaa chini pamoja, wazee wakatoa dalili zao, wanasayansi wakatoa ramani zao, wakalinganisha na kutoa kauli moja kwa wakulima kupitia baraza na redio ya jamii. Marehemu baba yangu alianza kusikiliza utabiri siku aliposikia ukitajwa na mtu anayemjua. Mwalimu, huyo mzee akiwa upande wenu mmepata redio.

Mwl_Kongwa

Wakuu, ahsanteni, narudi na taarifa. Mkuu wa shule amesoma ujumbe wa Mama wa Kilosa kwenye simu yangu. Hakusema mengi, ila kipindi cha kwanza sasa kinaanza saa tatu na dakika tano kwa wale wa zamu.

Mzee alikuja. Alizunguka kile chombo, akauliza maji yanaingilia wapi, akauliza kama chuma chake kina dawa. Binti wa kidato cha pili akamfungulia akamwonyesha ndani. Akakaa kwenye kiti chini ya mwembe karibu saa nzima akieleza mambo ya upepo wa mwezi wa kumi na moja, na tumejaza kurasa tatu. Nikaja kugundua huyo binti ni mjukuu wake, na nyumba yao ndiyo iliyo karibu zaidi na uzio. Likizo yote watapima wao.

Mvua imefika Jumanne usiku. 18.4. Tulipiga hesabu ya paa la madarasa, mita nane kwa ishirini na tano, lita 3,680, tukaenda kutumbukiza mti kwenye simtanki kuona. Zilipungua kidogo kwa sababu bomba la bati linavuja kwenye kona, tunalitengeneza wiki hii.

Jumatano mchana watu walianza kubeba majembe. Mzee kawaambia wasubiri. Alhamisi 0.0, Ijumaa 0.0, Jumamosi 0.0, na Jumamosi hiyo nilipita shuleni kwa shughuli zangu nikamkuta amesimama nyuma ya mjukuu wake, mikono mgongoni, anamhimiza aandike.

Mzee mstaafu, nina swali jipya. Bilauri yetu inaishia milimita kumi. Asubuhi ile tulipima mara mbili tukajumlisha. Ndivyo inavyotakiwa?

Mwangazi_Mstaafu

Ndivyo. Andikeni kila kipimo pembeni kabla ya kumwaga, halafu jumla. Na mtu wa pili asimame hapo ahesabu kwa sauti, baada ya mvua kubwa ni rahisi kusahau mmemwaga mara ngapi.